Andreas Papandreou na PASOK: Ushindi wa Kura na Udhaifu wa Chama

Vyama vya siasa havipimwi kwa majina yao. Vingi duniani vimejiita vya kijamaa, vya wafanyakazi au vya umma, na baadaye historia ikaonyesha vilikuwa vikimtumikia nani. Kipimo cha kweli ni matendo. Chama kinapokamata dola, nani anaamua? Nani anafaidika? Na mambo yanapokuwa magumu, mzigo anatwishwa nani? Makala hii inatumia kipimo hicho kuichambua kazi ya Andreas Papandreou, mwanzilishi wa chama cha PASOK cha Ugiriki, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo tangu 1981 hadi 1989, na tena tangu 1993 hadi 1996.

Papandreou si mgeni kwetu. Mwezi Mei 1984 alitia sahihi tamko la kuyataka mataifa makubwa yasimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha za nyuklia. Wenzake katika tamko hilo walikuwa Mwalimu Julius Nyerere, Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Miguel de la Madrid wa Meksiko na Raúl Alfonsín wa Ajentina. Januari 1985 nchi hizo sita zilikutana New Delhi kuiendeleza kazi hiyo, Rajiv Gandhi akiwa ameshika nafasi ya mama yake aliyekwisha kuuawa. Lakini urafiki wa kimataifa haumwondolei mtu uchambuzi. Tena swali linalotokana na maisha yake linakihusu kila chama tawala: je, Chama ndicho kinachomwongoza kiongozi, au kiongozi amekitia Chama mfukoni?

Hoja yetu ni hii. PASOK iliwatendea wananchi wa Ugiriki mema mengi ya kweli, na anayeyakana hajui historia. Lakini mema hayo yalitolewa kutoka juu, na kiongozi mmoja, kupitia chama ambacho hakikuwa na uwezo wa kumwuliza neno. Kilichotolewa hivyo kikaweza kunyang'anywa hivyohivyo.

Chimbuko la kiongozi

Papandreou alizaliwa mwaka 1919 katika kisiwa cha Chios. Hakuwa mtoto wa mkulima wala wa kuli. Baba yake, Georgios Papandreou, alikuwa mwanasiasa mkubwa aliyepata kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1939, wakati wa udikteta wa Jenerali Metaxas, kijana Andreas alikamatwa kwa tuhuma za siasa za mrengo wa kushoto, na mwaka 1940 akaenda Marekani. Huko alipata shahada ya udaktari ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard, akachukua uraia, akatumikia jeshi la majini, kisha akafundisha katika vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo kile cha Berkeley. Alirudi kwao mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa bingwa wa uchumi mwenye sifa.

Ugiriki aliyoikuta ilikuwa nchi yenye kidonda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949 vilikuwa vimekwisha kwa kushindwa kwa wafuasi wa siasa ya kushoto, wengi wao wakiwa ndio waliopigana msituni dhidi ya jeshi la Hitler. Serikali ya Athens ilishinda kwa msaada wa Waingereza, na tangu 1947 kwa fedha na silaha za Marekani. Chama cha Kikomunisti kilipigwa marufuku. Aliyetaka kazi ya serikali alitakiwa kuwa na hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba siasa yake ni safi. Kwa njia hiyo mtoto aliadhibiwa kwa siasa ya baba yake, na maelfu ya waliokimbilia Ulaya ya Mashariki hawakuruhusiwa kurudi makwao. Asiyeielewa hali hiyo hawezi kuelewa kwa nini watu walilia kwa furaha mwaka 1981.

Mwaka 1964 Papandreou alichaguliwa kuwa mbunge, akaingia katika serikali ya baba yake. Julai 1965 Mfalme Constantine aliiangusha serikali hiyo kwa sababu Waziri Mkuu alitaka kuishika mwenyewe Wizara ya Ulinzi. Tarehe 21 Aprili 1967 wanajeshi wenye cheo cha kanali walipindua nchi. Papandreou alitiwa gerezani, akafunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, akaishi uhamishoni Uswidi na Kanada. Mwaka 1968 aliunda harakati iliyoitwa PAK ya kuupinga utawala wa makanali. Utawala huo ulianguka Julai 1974, baada ya kuchochea mapinduzi huko Cyprus ambayo Uturuki iliyajibu kwa kukivamia kisiwa hicho. Tarehe 3 Septemba 1974 Papandreou alitangaza kuundwa kwa PASOK. Misingi ilikuwa minne: uhuru wa taifa, mamlaka ya umma, ukombozi wa jamii, na utaratibu wa kidemokrasia.

Nadharia na upungufu wake

Katika maandishi yake ya uhamishoni, pamoja na kitabu chake cha mwaka 1972 kiitwacho Paternalistic Capitalism, Papandreou alikwisha kuyaacha mawazo ya kiliberali aliyokuwa akiyafundisha. Mtazamo aliokuja nao mwaka 1974 tunaufahamu vizuri Afrika. Dunia ya kibepari ina kitovu na pembezoni. Ugiriki, ingawa iko Ulaya, iko pembezoni: mtaji wake, jeshi lake na siasa yake vinaamuliwa kwingine. Kwa hiyo hakuna ujamaa bila ya kwanza kuukata mnyororo wa utegemezi.

Uchambuzi huo ulikuwa na nguvu kwa sababu uliyataja mambo ambayo kila Mgiriki aliyaona kwa macho. Vituo vya kijeshi vya Marekani vilikuwapo. Makanali walivumiliwa na wakubwa wa NATO. Cyprus iligawanywa huku wakubwa wakitazama.

Upungufu ulikuwa ndani ya nchi. Papandreou hakujenga chama cha wafanyakazi na wakulima. Alijenga kambi ya wote aliowaita wasio na upendeleo: mfanyakazi wa kiwanda, mkulima wa tumbaku, karani, mwenye duka, mkandarasi mdogo, wakili asiye na jina. Katika nchi yenye watu wengi wenye vijimali, mbinu hiyo iliweza kuleta kura. Lakini mwenye duka anayekwepa kodi na mfanyakazi anayekatwa kodi kabla hajauona mshahara wake hawana maslahi sawa. Nadharia iliyowaweka wote katika kapu moja ilikwepa kusema ni nani atakayetozwa ili hospitali zijengwe. Na kwa kuwa adui alikuwa daima ng'ambo, chama hakikujizoeza kumtafuta adui aliyekuwa ameketi katika mikutano yake chenyewe.

Chama au jeshi la mtu mmoja?

PASOK ilikuwa jambo jipya Ugiriki. Vyama vya zamani vilikuwa vikundi vya vigogo wa mikoa, kila mmoja na watu wake. PASOK ilifungua matawi mijini na vijijini, katika vyama vya wafanyakazi, ushirika na vyuo. Kura zilionyesha matunda ya kazi hiyo: asilimia 13.6 mwaka 1974, asilimia 25.3 mwaka 1977, na asilimia 48.1 Oktoba 1981, yaani viti 172 kati ya viti 300 vya Bunge.

Lakini matawi yalipeleka juhudi juu na kuletewa amri chini. Mwaka 1975 wanachama waliodai uongozi wa pamoja, wengi wao watu waliofungwa na kuteswa na makanali, walifukuzwa. Mkutano Mkuu wa kwanza wa PASOK ulifanyika Mei 1984. Hebu tuitafakari tarehe hiyo. Chama kilikaa miaka kumi bila ya kuitisha kikao chake cha juu kabisa, na katika miaka hiyo kiliingia katika uchaguzi mkuu mara tatu na kutawala karibu miaka mitatu. Wagombea, mawaziri na sera kubwa vilitoka kwa Mwenyekiti. Wananchi walimwita kwa jina lake la kwanza, Andreas, kama ndugu wa nyumbani. Upendo huo ulikuwa wa kweli, na hauna ubaya. Ubaya huanza pale upendo unapochukua nafasi ya kikao.

Mema yaliyotendwa

Serikali ya 1981 haikukaa bure. Mwaka 1982 mapambano ya msituni dhidi ya Wajerumani yalitambuliwa rasmi kuwa mapambano ya taifa zima, na wakimbizi wa kisiasa wakafunguliwa mlango wa kurudi. Wazee waliotengwa kwa miaka zaidi ya thelathini wakaitwa mashujaa. Umri wa kupiga kura ukashushwa hadi miaka 18. Sheria ya familia ya mwaka 1983 ilimwondolea mume cheo cha mkuu wa nyumba, na ikafuta desturi ya kisheria ya mzazi wa msichana kutoa mali kumpa mkwe, desturi iliyomfanya binti aonekane mzigo tangu kuzaliwa. Wanawake wa vijijini walipata pensheni kwa haki yao wenyewe. Mwaka 1983 uliundwa mfumo wa taifa wa afya, na vituo vya afya vikaanza kufika mashambani. Mishahara ya chini na pensheni vilipandishwa, na ukawekwa utaratibu wa mishahara kufuata kupanda kwa bei.

Hayo si madogo. Kwa mara ya kwanza tangu vita, mtu wa kawaida aliingia katika ofisi ya serikali bila ya kuogopa jalada lake la polisi. Mpinzani wa ujamaa anayesema kwamba miaka ile ilikuwa ya porojo tupu, huyo hakuwahi kunyimwa kazi kwa sababu ya baba yake.

Mahali kamba ilipokatikia

Kasoro ya kwanza ni pengo kati ya kauli na tendo katika mambo ya nje. Kabla ya 1981 PASOK ilifundisha kwamba NATO na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ni genge moja. Ugiriki ilikwisha kuingia katika Jumuiya hiyo Januari 1981, miezi michache kabla ya ushindi. Serikali mpya haikuitoa nchi. Mwaka 1982 ilipeleka madai ya masharti nafuu, na baadaye ikaridhika na misaada kwa nchi za kusini mwa Ulaya. Mwaka 1983 ulitiwa sahihi mkataba kuhusu vituo vya Marekani. Wananchi waliambiwa kuwa ni mkataba wa kuviondoa. Wamarekani waliusoma kuwa mkataba unaoweza kusitishwa, si lazima usitishwe. Kituo cha Souda huko Krete kipo hadi leo.

Watetezi wa Papandreou husema nchi ndogo, yenye jeshi la Uturuki jirani, haikuwa na njia nyingine. Huenda ni kweli. Kurudi nyuma si dhambi katika siasa. Hata majeshi hurudi nyuma. Lakini jeshi linaporudi nyuma huambiwa linarudi nyuma. PASOK ilirudi nyuma huku tarumbeta zikipigwa za kusonga mbele. Mwanachama wa tawi hakupewa nafasi ya kuujadili ukweli, akazoeshwa kupiga makofi kwa maneno ambayo maana yake ilikuwa imebadilika.

Kasoro ya pili ni uchumi. Kipato kiligawanywa upya, lakini uzalishaji haukukua kwa kiasi hicho. Viwanda ambavyo wenyewe walikwisha kuvilimbikizia madeni vilichukuliwa na shirika la umma ili kuokoa kazi za wafanyakazi. Nia ilikuwa njema, lakini mabepari waliondoka na faida zao za zamani na umma ukabaki na hasara. Wenye mapato makubwa hawakutozwa kodi inayostahili, kwa kuwa wengi wao walikuwa ndani ya ile kambi pana ya wasio na upendeleo. Pengo likazibwa kwa mikopo. Deni la serikali, lililokuwa kama robo ya pato la taifa mwaka 1980, lilikuwa limezidi nusu kabla ya muongo kwisha.

Juni 1985 PASOK ilishinda tena kwa asilimia 45.8, ikiahidi maisha bora zaidi. Oktoba mwaka huohuo, miezi minne tu baadaye, thamani ya drakma ilishushwa kwa asilimia 15, nyongeza za mishahara zikabanwa, na ukachukuliwa mkopo mkubwa wa Jumuiya ya Ulaya wenye masharti. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliokuwa wanachama wa PASOK walipopinga, walifukuzwa katika chama, na uongozi wa shirikisho la wafanyakazi ukabadilishwa kwa amri ya mahakama. Tangu 1983 sheria ya serikali hiyohiyo ilikuwa imekwisha kubana migomo katika mashirika ya umma kwa kudai kura za zaidi ya nusu ya wanachama wote walioandikishwa. Hapo ndipo kipimo chetu kinapotoa jibu. Mambo yalipokuwa magumu, mzigo alitwishwa mfanyakazi, na alipouliza akaonyeshwa mlango.

Sisi hatuna haki ya kucheka. Mwaka 1986 Tanzania nayo ilitia sahihi mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, baada ya miaka ya kuyapinga masharti yake, na wananchi wetu wanakumbuka gharama yake. Tofauti inayostahili kuchunguzwa si nani alilazimika na nani hakulazimika. Ni kama wanachama walishirikishwa, na kama waliobeba mzigo walielezwa ukweli.

Kasoro ya tatu ni kazi za serikali. Zamani kigogo wa mkoa ndiye aliyempatia kijana ukarani. Chini ya PASOK kazi hiyo ilihamia kwa tawi la chama. Kigogo aliondoka, upendeleo ukabaki, umevaa rangi ya kijani ya chama. Watu wengi walijiandikisha si kwa kuamini misingi minne bali kwa kutafuta barua ya utambulisho. Chama kinachojaza wanachama wa aina hiyo hunenepa kama mtu mwenye ugonjwa wa kuvimba. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba mwaka 1994 serikali ya Papandreou yenyewe ilipitisha sheria ya kuunda baraza huru la kuajiri watumishi wa umma. Dawa ilikuwa nzuri. Ilikuja miaka kumi na mitatu baada ya mgonjwa kulazwa.

Kiongozi asiyeulizwa

Mwaka 1988 ilifichuka kashfa ya Benki ya Krete, ambako zaidi ya dola milioni 200 ziliibwa na mwenye benki, George Koskotas, aliyedai kwamba wakubwa wa serikali walihusika. Juni 1989 PASOK ilishindwa uchaguzi, na chama cha kihafidhina kikaungana kwa muda na muungano wa vyama vya kushoto ili wahusika wafikishwe mahakamani. Januari 1992 mahakama maalumu ilimwona Papandreou hana hatia, kwa kura saba dhidi ya sita. Hukumu hiyo tunaiheshimu. Lakini swali la itikadi halijibiwi na mahakama. Kikao gani cha chama kilimwita Mwenyekiti na kumtaka maelezo kuhusu watu aliowaweka karibu naye? Chama kilisubiri kuona kama kiongozi atasalimika, ili nacho kisalimike.

Oktoba 1993 wananchi walimrudisha madarakani kwa asilimia 46.9. Mke wake akawa mkuu wa ofisi ya Waziri Mkuu. Novemba 1995 Papandreou alilazwa akiwa mahututi, na kwa karibu miezi miwili nchi ilitawaliwa kutoka kitanda cha hospitali, kwa kuwa hapakuwa na kikao kilichothubutu kutamka kwamba kiti ki wazi. Alijiuzulu Januari 1996, akafariki tarehe 23 Juni mwaka huo. Katika wale sita waliotia sahihi tamko la 1984, Mwalimu Nyerere aling'atuka katika urais mwaka 1985 akiwa na afya yake, akabaki kukijenga Chama hadi 1990. Tofauti hiyo inafundisha kuliko hotuba nyingi.

Mavuno

Baada yake Costas Simitis aliiingiza nchi katika sarafu ya euro mwaka 2001. Mwaka 2009 George Papandreou, mwana wa Andreas na mjukuu wa Georgios, aliipatia PASOK asilimia 43.9. Vizazi vitatu vya nyumba moja vikawa vimekalia kiti cha Waziri Mkuu, katika nchi iliyomfukuza mfalme kwa kura ya maoni mwaka 1974. Mwaka 2010, deni likiwa limeikaba nchi koo, serikali yake ilichukua mkopo wa euro bilioni 110 kutoka nchi za euro na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mishahara na pensheni zilizopandishwa na baba zilikatwa na mwana. Mei 2012 kura za PASOK zilishuka hadi asilimia 13.2, Januari 2015 zikawa asilimia 4.7, chini hata ya zile za mwaka 1974. Chama hakikufa, lakini mamilioni hayakutoka kukitetea. Walikuwa wamefundishwa kupokea, hawakuwa wamefundishwa kuamua; na mpokeaji akikosa cha kupokea, hana sababu ya kubaki.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, ujamaa wa kugawana mikopo si ujamaa. Ni karamu ambayo hesabu yake huletwa kwa watoto. Pili, nadharia inayomwona adui wa nje pekee huwaficha wanyonyaji wa ndani, hata wakivaa sare za Chama. Tatu, demokrasia ndani ya Chama ndiyo ukuta wa nyumba, si pambo la kupakwa baada ya nyumba kwisha. Chama kinachoogopa kumwuliza kiongozi wake wakati wa neema hakitakuwa na sauti wakati wa shida.

Mwongozo wa mwaka 1971 ulikwisha kutuonya kuhusu kiongozi anayejiweka juu ya watu. Mwaka 1991, huko Zanzibar, tulilegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Kila tawi linaposoma habari za PASOK, lisiishie kuwahukumu Wagiriki. Lijiulize lenyewe: mara ya mwisho ni lini kikao chetu kilimtaka kiongozi atoe maelezo, na akayatoa?